Nimeibiwa, sijaibwa: shajara ya kijitabu cha Kiingereza

Februari, mwanzoni

Kazi imeanza. Kijitabu kitahusu jambo moja tu la sarufi ya Kiingereza: kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Wasomaji wake ni watu wazima wanaokuja darasa la jioni hapa Nsambya, Kampala. Wengi wametoka Bukavu, Goma na Uvira. Wapo Wakenya wachache wafanyabiashara, yupo Mnubi kutoka Bombo, na mzee mmoja mstaafu wa jeshi, mtu wa Arua, ambaye Kiswahili alikipata kambini kama askari wengi wa nchi hii. Sote tunamwita Afande. Kiswahili ndicho kinachowakalisha chumba kimoja. Kiganda wanakisikia sokoni, Kiingereza wanakutana nacho kwenye karatasi.

Tumechagua kutendwa kwa sababu ya karatasi hizo. Ombi limepokelewa, kodi ilipwe kabla ya tarehe fulani, mtoto amehamishiwa darasa jingine, dawa inywewe baada ya chakula. Aliyeandika hajitaji. Msomaji akiteleza hapo anabaki anajua kuna jambo limetokea, ila hajui limempata nani wala kama limekwisha.

Mwalimu mwenzangu, aliyesomesha shule za msingi miaka mingi, alileta madaftari yake ya zamani. Mazoezi karibu yote ni ya aina moja: unapewa sentensi, unaambiwa uiandike upya ukianza na neno fulani. Ndivyo mtihani wa kumaliza darasa la saba unavyowazoesha watoto. "The boy kicked the ball" inakuwa "The ball was kicked by the boy". Kiima, yaani mtenda, kinapelekwa nyuma, yambwa, yaani kinachotendwa, inaletwa mbele, unachomeka "by", unapata alama. Tumekubaliana mazoezi hayo yatakuwepo, lakini nyuma kabisa ya kijitabu. Mtu mzima hapewi sentensi aigeuze. Anapewa barua aielewe, au ana jambo lake la kusema na hajui amtangulize nani.

Februari, katikati

Sura ya kwanza imejileta yenyewe. Kinyozi mmoja wa darasa letu alichomolewa simu Old Taxi Park, akaja na rasimu ya maelezo ya kupeleka polisi. Ilianza hivi: "I was stolen in the Old Taxi Park on Saturday evening." Afande akaisoma kwa sauti, akamtazama kijana toka kichwani hadi miguuni, akauliza: "Sasa nani amekurudisha?"

Darasa lilicheka sana, na kinyozi mwenyewe akacheka, ingawa simu haijaonekana. Baada ya kicheko ikabidi tueleze, maana kwa Kiswahili hakuna alichokosea. Simu imeibwa, mimi nimeibiwa. Ile -i- iliyotangulia -w- inamleta mbele mwenye mali, yule aliyepatwa na hasara, na simu inafuata nyuma: nimeibiwa simu. Kiingereza hakina kiambishi cha kazi hiyo. Kitenzi "steal" kinakubali mwizi awe mbele, au kitu kilichoibwa kiwe mbele. Mwenye mali hapati nafasi. Kwa hiyo ni "My phone was stolen".

Anayetaka kuanza na nafsi yake abadilishe kitenzi. "I was robbed" ni sahihi, kwa sababu "rob" huchukua mtu au mahali, si kitu. Tahadhari: "rob" ina harufu ya nguvu au vitisho. Kama simu ilitoka mfukoni kimyakimya halafu umeandika "robbed", askari atakuuliza walikuwa wangapi na walishika nini. Njia ya tatu ni "I had my phone stolen", ambayo inasikika ya ajabu mwanzoni, kana kwamba umemtuma mwizi, lakini ni Kiingereza cha kawaida na ndiyo iliyo karibu zaidi na "nimeibiwa simu".

Hapo ndipo tulipoelewa kijitabu kitasimama juu ya nini. Kuunda kutendwa si tatizo kubwa la watu hawa, maana lugha yao ina -w- tangu utotoni. Tatizo ni nani anaruhusiwa kusimama mbele ya sentensi. Kiswahili ni karimu mno katika hilo. Kinawaleta mbele hata watu ambao kitenzi chenyewe hakikuwahusu. Alifiwa na mume: aliyekufa ni mume, lakini anayetangulia ni mjane. Alikimbiwa na mke. Alinyeshewa na mvua. Nyumba iliingiliwa.

Tukajaribu kuzivusha moja moja ubaoni. "She was died by her husband" haipiti popote, kwa kuwa "die" haina yambwa, na kitenzi kisicho na yambwa Kiingereza hakiwezi kukitia kwenye kutendwa. Husemwa "She lost her husband", na hiyo ni kutenda kabisa. "Alikimbiwa na mke" ni "His wife left him", kutenda tena. Lakini "alinyeshewa" inavuka: "He was rained on". Na "nyumba iliingiliwa" inavuka: "The house was broken into". Kuna kipi cha tofauti? Ni yale maneno madogo "on" na "into", ambayo yamefanya kazi ya -i- yetu na kubaki yananing'inia mwishoni. Ukiyadondosha, maana inaharibika. "The house was broken" ni habari ya nyumba iliyovunjwa, si ya wezi.

Machi, mwanzoni

Leo tumekaa na orodha ya vitenzi. Upande mmoja tumeweka vile vinavyomkubali mtu mbele: "give", "send", "show", "tell", "teach", "pay", "offer", "promise", "ask". Hapa mwanafunzi wetu yuko kwao. Alipewa blanketi, "She was given a blanket". Nilitumiwa fedha, "I was sent money". Hajalipwa, "He has not been paid".

Upande wa pili ni vitenzi vinavyofanana navyo kwa sura lakini vinakataa: "explain", "say", "suggest", "describe", "announce". Nilielezwa sheria si "I was explained the rules", ni "The rules were explained to me". Niliambiwa nisubiri si "I was said to wait". Ni "I was told to wait".

Mama mmoja muuza vitenge, ambaye haridhiki na jibu la "ndivyo lilivyo", aliuliza kwa nini "tell" imfungulie mtu njia na "say" imzibie, hali zote mbili ni kusema. Swali lake limetupa kisanduku bora kuliko vyote kwenye rasimu. Rudi kwenye kauli ya kutenda. Je, mtu anafuata kitenzi moja kwa moja, au anahitaji "to"? Husemwa "tell me", "give me", "pay me". Lakini husemwa "say to me", "explain to me". Anayekaa kando ya kitenzi bila "to" anaweza kuja mbele. Aliyejificha nyuma ya "to" abaki hukohuko.

Vipo vyenye ukaidi. "I was bought a phone" wenye lugha wengine wanaisema bila shida na wengine wanasita. Tumeviacha nje. Kijitabu cha watu wenye kazi zao hakihitaji kila uchochoro.

Machi, katikati

Sura ya pili ni ya nyakati. Kwenye Kiswahili wakati na kutendwa hukaa ndani ya neno moja: li-na-shughulik-iw-a. Kiingereza huvigawa. Wakati wote hubebwa na "be", na kitenzi kikuu hugandishwa kwenye umbo lake la tatu. "Is written", "was written", "has been written", "is being written", "will be written", "must be written". "Written" haijatikisika hata mara moja.

Umbo hilo la tatu lazima likaririwe, hakuna ujanja. Tumelipanga kwa sauti badala ya alfabeti: "written, taken, given, stolen, beaten, eaten" kwa pamoja, kisha "sent, lent, spent, built", kisha yale yasiyobadilika, "cut, put, shut, hurt". "Read" imepewa mstari wake peke yake kwa sababu inaandikwa vilevile lakini inatamkwa "redi". Makosa tunayoyaona sana ni "was wrote" na "has been take". Na sentensi ya kwanza ambayo kila mtu hutakiwa kuijaza kwenye fomu, "I was born in...", nusu ya darasa huandika "I born". Nilizaliwa ni kutendwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza pia. Hapo lugha mbili zimekubaliana kabisa, na bado "was" inadondoka njiani.

Machi, mwishoni

Tumeanza kukusanya maandishi halisi. Watu wameleta walichonacho: ujumbe wa benki kwenye simu, stakabadhi, maelezo ya dawa, barua za ofisi. Majina tumeyafuta kabla ya kupiga picha.

Barua moja imetuchukua jioni nzima. Kiini chake ni hiki: "Your application has been received and is being considered. You will be informed of the decision." Kutendwa mara tatu katika sentensi mbili, na kila moja iko katika wakati wake. Aliyeileta alikuwa na furaha, kwa sababu aliona "considered" akajua mambo yamekwisha. Hakuwa peke yake. Tulipoipitisha darasani, wengi walisoma vivyo hivyo. Jicho linakimbilia -ed ya mwisho, na -ed shuleni walifundishwa kuwa ni jambo lililopita.

Kwa hiyo kanuni ya sura hii imeandikwa kwa herufi kubwa: acha kitenzi kikuu, tazama "be" imevaa nini. "Has been" ina maana limekwisha. "Is being" ina maana liko mezani, linaendelea. "Will be" ina maana bado. Ombi limepokelewa, linafikiriwa, utajulishwa. Kiswahili kinaonyesha tofauti hiyo mwanzoni mwa neno, li-me-, li-na-, u-ta-, kwa hiyo msomaji wetu ameizoea kuikuta mbele. Kiingereza nacho huiweka mbele, kabla ya kitenzi kikuu, ila kwa maneno mafupi ambayo mtu huyaruka akikimbilia yale marefu. Mama wa barua alinyamaza kidogo, halafu akasema afadhali amejua kabla hajamwarifu mwenye nyumba.

Kwenye sauti ni vigumu zaidi. "Been" na "being" zikitamkwa haraka zinafanana, na wengi wetu tunazitamka sawa. Tutarekodi mafunzo mafupi ya kutumiana kwa WhatsApp, na katika haya mawili msomaji atasema polepole kuliko kawaida.

Afande amefurahishwa na habari moja ya historia niliyoichomeka. "Is being built" si muundo wa kale. Zamani Mwingereza alisema "The house is building" akimaanisha nyumba inajengwa. "Is being built" ilianza kushika mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 walikuwepo wasomi walioilaani kuwa ni uchafu wa lugha. "Kumbe na wao wamekwaruzana humo humo," akasema, na tangu siku hiyo anaiandika kwa madaha.

Aprili, mwanzoni

Vichwa vya magazeti. Sikutarajia sura hii iwe ndefu, lakini imekuwa.

Tumenunua magazeti ya Kiingereza pale steji na kuwapa watu vichwa vya habari peke yake, bila habari yenyewe. Vichwa huacha "be". "Two arrested" ni kifupi cha "Two people have been arrested". Lakini "arrested" peke yake inafanana kabisa na wakati uliopita wa kutenda, na msomaji akajiuliza hao wawili wamemkamata nani. Ndipo tukaunda jozi ubaoni:

"Police warn over roadblocks."
"Police warned over roadblocks."

Katika ya kwanza polisi ndio wanaoonya. Katika ya pili polisi ndio walioonywa. Mhariri wa Kiingereza anapoandika kichwa cha kutenda hutumia wakati uliopo hata kama jambo ni la jana. Kwa hiyo akiweka -ed bila kitu mbele yake, karibu kila mara ni kutendwa. "Trader attacked in Ndeeba": mfanyabiashara ameshambuliwa. Angekuwa ameshambulia, ingeandikwa "Trader attacks", na jina la aliyepigwa lingefuata.

Mnubi wetu, anayeuza vikapu, akasema gazeti amekuwa akilisoma miaka na kuwahukumu watu wasio na hatia.

Kuna ndugu wa tatizo hili ndani ya sentensi ndefu: "The man arrested on Friday was released." Hapa kuna kutendwa kuwili, kumoja kumevuliwa nguo. Mtu aliyekamatwa Ijumaa aliachiliwa. Kiswahili hakiwezi kuficha kitu hapo, maana "aliyekamatwa" inabeba -ye- ya urejeshi na -w- ya kutendwa pamoja. Zoezi tulilolitunga ni la kurudisha kilichofichwa: andika "who was" pale ilipoachwa. Watu wamelipenda kuliko lile la kugeuza sentensi, nami nimelipenda pia, kwa sababu linafanya kazi ileile ambayo jicho litatakiwa kuifanya nje ya darasa.

Aprili, mwishoni

Leo ni "by". Tatizo la kwanza ni "na" yetu, ambayo hufanya kazi nyingi. Alipigwa na mwalimu, mtu akaandika "He was beaten with the teacher". Kwa Kiingereza hiyo inaweza kueleweka kuwa wamepigwa wote wawili, au mwalimu ndiye aliyekuwa fimbo. Mtenda huja na "by", chombo huja na "with". Aliuawa na askari kwa bunduki: "by a soldier, with a gun". Kiswahili kina tofauti hiyohiyo, "na" kwa mtenda na "kwa" kwa chombo, kwa hiyo tumeziweka sambamba na hapakuhitajika maelezo mengi.

Tatizo la pili ni kwamba "by" si mali ya kutendwa peke yake. "By bus" ni usafiri, "by the gate" ni karibu na lango, na "by Friday" ni kabla Ijumaa haijapita. Sentensi ya mtihani ilikuwa "The form must be returned by Monday". Dada mmoja anayeishi na Wanyankole aliuliza kwa dhati huyo Monday ni nani na anapatikana ofisi ipi. Msicheke. Huku Uganda Monday, Friday na Sunday ni majina ya watu, na jirani yake anaitwa hivyo. Kisarufi sentensi hiyo inabeba maana zote mbili bila kubadilisha herufi hata moja. Kinachoamua ni mazingira. Tumeiweka kwenye kijitabu kama ilivyo, na chini yake nyingine: "Rent must be paid by the fifth."

Jambo ambalo madaftari ya zamani hayakulisema: sehemu kubwa ya kutendwa kwa Kiingereza halisi haina "by" yoyote. Kati ya karatasi zote tulizokusanya, "by" ya mtenda tumeikuta mara chache sana. Mtoto anayezoeshwa kuichomeka kila mara huishia kuandika "My phone was stolen by a thief". Nani mwingine angeiiba?

Mei

Kutendeka. Hii sura naiandika kwa raha.

Kikombe kimevunjika. Kikombe kimevunjwa. Nimevunja kikombe. Kwa dada anayefanya kazi za ndani, hizi ni habari tatu tofauti, na ya kwanza ndiyo anayoitaka. Wanafunzi wetu huiandika "The cup was broken". Mwenye nyumba akisikia hivyo anauliza "by whom?", kwa sababu sentensi yenyewe imemwachia nafasi ya kuuliza. Kiingereza kwa "kimevunjika" ni "The cup broke", kutenda kwa umbo, ila mtenda hayupo. Vivyo hivyo "The door opened", mlango ulifunguka, na "The rope snapped", kamba ilikatika. Vitenzi vinavyofanya hivi si vyote. Kitabu kimepotea si "The book lost", kwa kuwa hiyo ni ya timu iliyofungwa. Ni "The book is lost".

Kisha -ika ya uwezekano. Barabara haipitiki, mwandiko hausomeki. Kiingereza hakina kiambishi kinachofanya kazi hii ndani ya kitenzi, kwa hiyo huenda kwa njia mbili: "cannot be" na umbo la tatu, kama "This handwriting cannot be read", au kivumishi cha aina ya "impassable". Mtu wa Isingiro au Kikuube aliyewahi kukwama kwenye murramu wakati wa mvua atahitaji hii ya pili.

Na kuna kutendwa kwa Kiswahili ambako Kiingereza hakikutaki. Hapa Kampala kuta na viwanja vimepakwa rangi "This land is not for sale". Ardhi hii haiuzwi. Mwanafunzi akitafsiri Kiswahili chake ataandika "This land is not sold", ambayo ina maana haijapata mnunuzi, na madalali watamjia kwa mstari.

Katikati ya hayo pakatokea kelele nyingine. "He is married", ikasomwa "ameolewa", na wanaume wakaruka. Kiingereza hakijali nani ameoa na nani ameolewa. "Marry" na "get married" ni za wote wawili. Tukaendelea.

Mwenzangu ametoa mfano wa siasa, nami nimeukubali uingie. Januari 1987 Ronald Reagan, rais wa Marekani wakati huo, akihutubia bunge la nchi yake kuhusu mambo ya Iran, alisema "serious mistakes were made". Makosa makubwa yalifanywa, na aliyeyafanya hakutajwa. Watu wa Marekani wameugeuza msemo huo kuwa dhihaka. Lakini tazama Kiswahili cha viongozi wetu: makosa yalifanyika, fedha zimepotea, dosari zimejitokeza. "Were made" bado inaruhusu "by" ifuate, nafasi ya mtenda iko wazi hata kama haijajazwa. "Yalifanyika" haina nafasi hiyo kabisa, huwezi kuiongezea "na fulani" ikakaa sawa. Kwa kuficha mtu, -ika yetu ni stadi kuliko kutendwa kwa Waingereza. Afande alisema ripoti za kambini ziliandikwa kwa Kiingereza, lakini zilifikiriwa kwa -ika.

Juni, mwanzoni

Mabishano. Mwenzangu anataka ukurasa wa mwisho uonye watu waepuke kutendwa, kwa kuwa ndivyo waelekezi wengi wa uandishi wa Kiingereza wanavyosema. George Orwell, mwandishi Mwingereza, katika insha ya mwaka 1946, alitoa kanuni ya kutotumia kutendwa kamwe pale kutenda kunapowezekana. Nikamwonyesha kwamba insha hiyohiyo imejaa kutendwa. Orwell alikuwa anapigana na lugha ya ofisi iliyomficha mtenda, na katika hilo alikuwa na haki. Lakini kanuni yake ukiipa kinyozi wetu, ambaye hamjui mwizi wake, ataandika nini? "Someone stole my phone" inafaa. "My phone was stolen" inafaa pia, na inaanza na kile polisi watakachoandika kwenye kitabu chao.

Nikaleta aya mbili fupi tulizozitunga kwa mazoezi ya kusoma. "The dam at Jinja was opened in 1954 by Queen Elizabeth II. It was later renamed Nalubaale." Na nyingine: "The Kasubi Tombs were added to the World Heritage List in 2001. The main building was destroyed by fire in 2010." Zigeuze ziwe kutenda uone. Aya ya kwanza itaanza na malkia, ya pili itaanza na UNESCO kisha moto, na msomaji aliyetaka habari za bwawa na makaburi atakuwa anafukuzana na watu wengine. Habari ni ya bwawa, basi bwawa lisimame mbele na libaki mbele.

Tumepatana hivi. Ukurasa hautasema epuka. Utasema: ukiandika malalamiko yako na unamjua aliyekukosea, mtaje, tumia kutenda. Ukiwa humjui, au si yeye habari yenyewe, tumia kutendwa bila aibu. Mwenzangu ameongeza kwa kalamu nyekundu kwamba anayepokea barua ya kutendwa ana haki ya kurudi na swali "by whom, please?" Hilo limebaki.

Juni, mwishoni

Hali ya kazi: sura za "nani mbele", nyakati, vichwa vya habari na "by" zimekamilika na zimesomwa darasani. Ya kutendeka inangoja mifano zaidi ya jikoni na karakana. Sauti za "been" na "being" zimerekodiwa na mama wa vitenge, ambaye sauti yake inasikika hata kwenye simu mbovu. Tumeenda Nasser Road kuuliza bei ya kuchapa. Rangi mbili ni ghali, kwa hiyo "be" itaandikwa kwa herufi nzito badala ya nyekundu.

Kinachobaki ni "get". Vijana wanasema "I got robbed", "he got fired", na wanayasikia kila siku redioni. Ni kutendwa halali ya mazungumzo, lakini kwenye barua ya ofisi haipendezi, na "get" ina kazi nyingine nyingi zinazoweza kumpoteza mtu. Mwenzangu anaitaka mwishoni mwa sura ya pili. Mimi naona isubiri toleo lijalo. Kwa sasa kurasa mbili zimeachwa wazi pale, na mchapaji ametaka jibu kabla ya Ijumaa.